Kumwachisha mtoto pampasi kumekuwa ghali kuliko kumnunulia pampasi

Ndugu wanajamvi, naandika uzi huu nikiwa na hasira, na naomba mnisome hadi mwisho, kwa sababu najua jambo hili linawaumiza wazazi wengi wa hapa Dar es Salaam ingawa wengi wanaona haya kulisema hadharani. Mwanangu ana umri wa miaka miwili na miezi mitatu. Kituo anakoshinda mchana kimetutangazia kwamba mtoto akifikisha miaka miwili na nusu hatapokelewa akiwa amevaa pampasi, isipokuwa mzazi alipe shilingi 1,000 zaidi kila siku, na kwamba kila mtoto aletewe poti yake iliyoandikwa jina pamoja na chupi sita za kubadilisha. Sikupinga. Pampasi nne kwa siku, ambazo katika duka la mtaani kwetu Mbagala nanunua moja moja kwa shilingi 500, hunimalizia shilingi 60,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba amekwisha kutukataza kuzitupa chooni kwa sababu shimo hujaa upesi na gari la kunyonya maji taka tunalilipia sisi wapangaji. Kwa hiyo nilipolisikia tangazo lile nilijua sasa nitapata nafuu.

Nafuu sikuipata. Poti ya kwanza niliinunua Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kwa shilingi 7,000, baada ya maduka matatu kuniambia kwamba wao huuza kwa dazeni tu. Plastiki yake ilikuwa nyembamba kiasi kwamba ukiigandamiza kwa kidole gumba inabonyea. Wiki ya pili ilipasuka ukingoni, na ufa wenyewe sikuuona, kwa sababu ulikuwa ukifunguka mtoto anapokaa na kujifunga anapoinuka, na kila alipoinuka ulimbana nyama ya paja. Niliugundua jioni moja nilipokuwa nikimwogesha, nikakuta pajani alama nyekundu kama mtu aliyefinywa kwa kucha. Kuanzia siku ile, akiiona poti analia na kukakamaa mwili mzima, na alikaa siku tatu bila kupata choo kwa kujizuia. Muuguzi wa zahanati alinieleza nisimlazimishe, nimpe maji na papai, nisubiri hofu imtoke. Nilirudi kwa muuzaji nikiwa nimeishika poti mkononi. Alinijibu kwamba bidhaa ikishatoka dukani hairudishwi, na kwamba kama nilitaka ngumu ningeongeza hela.

Nikaenda kuongeza hela. Katika maduka makubwa ya vitu vya watoto nilikuta poti yenye umbo la gari, usukani na kitufe cha muziki, kwa shilingi 38,000. Nyingine, ambayo ilikuwa ya kawaida na imara, ndiyo niliyoitaka, lakini ilikuwa imefungwa pamoja na kiti cha kuweka juu ya choo cha kukaa na kingazi cha kupandia, vyote kwa shilingi 65,000, na muuzaji alikataa katakata kunitolea poti peke yake. Mimi na wapangaji wenzangu tunatumia choo kimoja cha kuchuchumaa kilichopo uani. Kiti hicho ningekiweka juu ya nini? Inaniuma sana kuona kwamba vifaa vya kumfundisha mtoto kwenda choo vinaletwa kana kwamba kila nyumba ya mji huu ina choo cha kukaa chenye vigae, wakati ambapo sisi wa vyumba vya kupanga ndio tunaoihitaji poti zaidi kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa mguu wa mtoto wa miaka miwili unatumbukia katika tundu la choo chetu, na hakuna mama mwenye akili timamu atakayemwacha achuchumae pale peke yake. Kwa mtoto wa aina hiyo poti ndiyo choo chenyewe.

Hatimaye niliipata moja kwa shilingi 23,600. Risiti inaonyesha kwamba shilingi 3,600 katika hizo ni VAT.

Bado chupi. Nguo za ndani za mtumba zimepigwa marufuku na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na marufuku hiyo naiunga mkono kwa sababu ya afya. Lakini basi tuuziwe mpya zinazostahili kuitwa nguo. Nilinunua sita, na kufikia mara ya tatu ya kuzifua lastiki ilikuwa imelegea katika nne, mtoto akitembea zinamshuka hadi magotini. Mtoto anayejifunza hujikojolea mara tano au sita kwa siku, na hilo si kosa lake. Maana yake ni maji na sabuni kila jioni, na maji yenyewe tunanunua kwa dumu. Usiku ninamtandikia mpira uleule niliokwenda nao kujifungua, ambao sasa umeanza kuchanika pembeni.

Najua watakuja wa kuniambia kwamba zamani hapakuwa na poti na watoto walijifunza. Naliheshimu jambo hilo kuliko wanavyodhani. Bibi yangu, Mdigo wa Tanga, alikaa chini, akanyoosha miguu, akamkalisha mtoto juu ya vifundo vya miguu yake na kumtolea sauti ya taratibu mpaka akojoe, na alianza mtoto akiwa na wiki chache tu. Hata madaktari wa nje walilisoma jambo hili: mwaka 1977 jarida la Pediatrics la Marekani lilichapisha utafiti kuhusu Wadigo wa pwani ya Kenya, ukionyesha kwamba watoto wao walikuwa wameacha kujikojolea mchana na usiku wakiwa na miezi mitano au sita. Lakini njia ile inataka mtu anayeshinda na mtoto mwilini, anayemsoma kila anapojinyonganyonga. Mimi natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri ili niwahi daladala, na narudi saa moja usiku. Asiyenipa mchana wa kukaa na mwanangu asinisimange kwa kununua poti.

Ninachotaka si kikubwa. Viwanda vyetu vinatengeneza ndoo, mabeseni na majagi ya plastiki nene ambayo hudumu miaka, na beseni zuri silinunui kwa shilingi 23,600. Sasa ni kitu gani kinachoshinda kumwaga plastiki hiyohiyo katika umbo la poti isiyo na usukani wala muziki? Wenye maduka waache kuwalazimisha wazazi kununua seti. Kuhusu kodi, naomba Serikali iiangalie, ila kwa uangalifu, maana tulishuhudia VAT ikiondolewa kwenye taulo za kike katika bajeti ya 2018/19 na kurudishwa mwaka uliofuata kwa hoja kwamba bei haikushuka. Punguzo likiliwa na wafanyabiashara, anayeadhibiwa ni mnunuzi, na hilo lisirudiwe kwa watoto. Vituo navyo, kabla ya kutangaza masharti, vitafute poti kwa jumla na kuwauzia wazazi kwa bei ileile ya dazeni.

Nimebakiwa na miezi michache kabla mwanangu hajafikisha miaka miwili na nusu, na poti niliyonayo inakaa nyumbani, kwa hiyo nahitaji ya pili ya kupeleka kituoni. Kama kuna anayelijua duka linalouza poti ngumu, moja moja, chini ya shilingi 15,000, iwe Kariakoo, Tandika au Temeke, naomba aandike hapa mtaa na bei. Na kama wapo wazazi wengine wa Mbagala walio tayari kuchanga ili tununue dazeni moja kwa pamoja, nipo tayari kwenda kuifuata Jumamosi hii.