Data ya tunu za watu nchi tatu: EFA, MDS au CFA? Msaada wakuu

Mwenge_wa_Data: Wakuu, habari za jioni. Nina data ya tunu za watu kutoka nchi tatu, na Ijumaa natakiwa niwe nimechagua njia ya uchambuzi. Msimamizi anataka EFA, yaani uchambuzi unaotafuta faktori, vitu vichache vilivyojificha nyuma ya majibu mengi. Rafiki yangu anasema MDS, ile ya kugeuza kufanana kwa majibu kuwa umbali, ndiyo inachora ramani nzuri. Niende na ipi?

Binti_Takwimu: Mkuu, mbona umetunyima taarifa? Dodoso gani? Wahojiwa wangapi kila nchi? Unalinganisha watu au nchi?

Kakakuona: Kama ni dodoso la Schwartz, yule mwanasaikolojia wa tunu, EFA weka pembeni. Nadharia yake ya 1992 ina tunu 10 zilizopangwa kwa duara: kujali wengine kunatazamana na kutaka madaraka na mafanikio. EFA hilo duara hailioni, na faktori yake ya kwanza mara nyingi ni tabia ya mtu kukubali kila anachoulizwa. MDS inaweka karibu maswali yanayojibiwa kwa kufanana, basi.

Mzee_Msasani: Taratibu kijana. Ramani ya Inglehart na Welzel, ile inayopanga nchi kwa tunu zao, imetokana na uchambuzi wa faktori, kwa maswali 10 tu, na dunia nzima inaitumia.

Binti_Takwimu: Shikamoo mzee. Ile inapanga nchi. Uhusiano unaoonekana baina ya nchi unaweza usiwepo kabisa baina ya watu wa nchi moja.

Mwenge_wa_Data: Ni PVQ, dodoso la Schwartz, ya maswali 21. Kenya, Tanzania na Rwanda, watu kama 300 kila nchi. Nataka kulinganisha wastani.

Nyota_ya_Kivu: Hapo kwenye wastani kuwa makini sana. Mradi niliowahi kufanyia kazi ulitumia dodoso kama hilo. Mji mmoja karani aliwahoji watu kwenye foleni ya maji, jua la saa saba, anasoma mbiombio. Wengi walijibu "anafanana sana na mimi" mwanzo mwisho, wapate kurudi kwenye ndoo zao. Nilimsihi kiongozi wa mradi tupunguze kwanza wastani wa kila mhojiwa kutoka kwenye majibu yake mwenyewe. Akakataa. Ripoti ikatoka ikisema watu wa mji ule wanathamini kila kitu kuliko wenzao! Baadaye tulipoupunguza ule wastani, tofauti karibu yote ikayeyuka. Iliniuma, kwa sababu ripoti ilishasambazwa.

Kakakuona: Ndiyo maana nasema CFA ya makundi lazima, yaani kupima kama mpangilio wa faktori uliokwisha kuuweka unakaa sawa kila nchi. Pima usawa wa umbo (maswali yaleyale kwa tunu ileile), kisha mizigo (nguvu ya swali kwa tunu yake), kisha vianzio (jibu la kuanzia la kila swali). Hatua ya tatu ikigoma, usilinganishe wastani. Jaribu njia ya Asparouhov na Muthén ya 2014 (alignment), inayolinganisha wastani hata usawa usipokamilika.

Binti_Takwimu: Ila kwenye CFA ingiza majibu mabichi, usipunguze wastani. Na kwa maswali 21 tunu jirani kwenye duara zitagandana, hazitatofautika, jiandae kuziunganisha.

Mzee_Msasani: Mnasahau kosa kubwa zaidi, kuchanganya nchi. Hofstede, mtafiti wa tamaduni, kwa data ya wafanyakazi wa IBM, aliziweka Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia fungu moja, akaliita Afrika Mashariki. Zambia!

Kakakuona: Wahojiwa walikuwa wachache kila nchi, mzee. Angefanyaje?

Mzee_Msasani: Angeziacha. Mpaka leo wanafunzi wananukuu alama ya Tanzania ambayo haikupimwa peke yake.

Mwenge_wa_Data: Leseni ya SPSS, programu ya takwimu, ya chuo imeisha. Kuna programu ya bure?

Binti_Takwimu: R. Ndani yake kuna vifurushi: smacof kwa MDS, lavaan kwa CFA.

Mwenge_wa_Data: Asanteni. Msimamizi bado ameshikilia EFA, kesho namfuata ofisini.

Kakakuona: Mzee, kwa hiyo Ethiopia ungeiweka fungu gani?