Nimevuta tela siku moja tu, sasa leseni inataka kwenda. Naombeni ushauri wadau mlioko Uingereza

mtu_wa_muheza

Wakuu habari zenu, poleni na majukumu. Niko Uingereza mwaka wa nne sasa, leseni ya huku nimeipata baada ya kufeli mara mbili, nimepasi miezi 16 iliyopita. Sasa kuna ndugu zetu wanakusanya mizigo ya kupeleka kontena Dar, na mimi jamaa yangu ana tela dogo la kufunga nyuma ya gari, nikaliazima nikakusanye mapipa, friji moja, magodoro mawili na maboksi ya watu kwenye miji kama mitatu hivi nipeleke kwa mpakiaji.

Motawei (zile barabara kuu za mwendo kasi) nimetembea vizuri kabisa, najua limiti ni maili 70 nikashika 70, sikuzidi hata kidogo. Nimetoka motawei nafika karibu na mji nikaona taa za buluu nyuma, wakanisimamisha. Afisa kazunguka tela, akashika godoro la juu akalisukuma kwa mkono mmoja likacheza, nilikuwa nimefunga kamba ile ya plastiki ya kuanikia nguo nimeizungusha mara nne. Halafu akauliza namba ya tela iko wapi. Nilikuwa nimeandika namba ya gari kwenye kipande cha boksi kwa makapeni nikakibandika na selotepu, na mvua ilikuwa imeshanyesha. Nikaandikiwa paundi 100 ya namba, na paundi 100 nyingine pamoja na pointi 3 kwa mzigo ambao haujafungwa vizuri. Nikakaza mzigo palepale kwa mikanda waliyonisimamia ninunue petrol stesheni ndo wakaniachia.

Haya nikasema yameisha. Siku ya tisa inakuja barua, inasema siku hiyohiyo nimeonekana na kamera nikiwa na maili 69 kwenye limiti ya 60. Motawei ni 70 jamani! Nimeangalia barabara yenyewe kwenye ramani, ni motawei, hakuna matengenezo wala nini. Hii barua imekosewa au? Na nikipewa pointi 3 nyingine si zinakuwa 6? Nimesikia dereva mpya akifika 6 anafutiwa. Kazi yangu ni usiku, ghala liko mbali, basi hakuna muda ule, bila gari sina kazi. Sijalala vizuri siku tatu. Naombeni ushauri, niikatae hii barua?

Mzee wa Spana

Pole sana mdogo wangu. Barua haijakosewa. 70 ni ya gari peke yake. Ukishafunga tela limiti inashuka, motawei na barabara zile zenye ukuta katikati ni 60, barabara ya kawaida ya kupishana ambayo gari dogo linaenda 60 wewe mwenye tela ni 50. Haijalishi tela tupu au limejaa, haijalishi ni dogo kiasi gani. Wengi hawajui kwa sababu hakuna kibao barabarani kinachokuambia, kibao ni kilekile, ila wewe umebadilika kuwa gari la aina nyingine. Yule mwenye kamera, kama lilikuwa lile gari lao linalopaki juu ya daraja, anakuona kabisa una tela.

Na kwenye motawei ya njia tatu au zaidi hutakiwi kugusa ile njia ya kulia kabisa ukiwa na tela. Hiyo nayo ni paundi 100 na pointi 3. Uliigusa?

mtu_wa_muheza

Hapana mkuu nilikaa kushoto muda wote, nilipita lori mara moja tu nikatumia ya katikati. Aisee hiyo ya 60 sikuijua kabisa, kwenye mtihani wa nadharia nakumbuka ilikuwepo jedwali ila nilikariri ya gari dogo tu.

simba_wa_yuda_88

Njia rahisi, hiyo barua inauliza nani alikuwa anaendesha si ndio? Andika jina la shemeji. Kama ana leseni ya siku nyingi na haina pointi, anakula 3 zake maisha yanaendelea. Watu wanafanya kila siku.

Dada Zuhura

@mtu_wa_muheza tafadhali usifanye hivyo, nakuomba kama dada yako. Hapo unatoka kwenye kosa la mwendo unaingia kwenye kosa la kupotosha haki, na hilo ni jela. Kulikuwa na waziri wa nishati hapa, Chris Huhne, mwaka 2003 alipigwa kamera kwenye motawei ya M11, mke wake Vicky Pryce akachukua pointi kwa niaba yake. Ndoa ilipovunjika ikatoka, na mwezi wa tatu 2013 wote wawili wakahukumiwa miezi minane minane. Pointi tatu tu. Miaka kumi baadaye. Na yule ni waziri ana mawakili. Sisi wenye viza za kuomba upya, ukiwa na hukumu ya aina hiyo hata ukaazi wako unauweka rehani, na mke wako pia.

Halafu usiikalie hiyo barua. Una siku 28 za kujibu nani alikuwa dereva. Ukinyamaza kosa la kutojibu lina pointi 6 lenyewe na faini inaweza kufika paundi 1,000, yaani utakuwa umejipeleka mwenyewe pale unapopaogopa.

simba_wa_yuda_88

Sikujua kama ni jela. Nimerudi nyuma, msifuate nilichosema.

Mzee wa Spana

Sasa sikiliza, usikate tamaa. Ni kweli, ndani ya miaka miwili tangu upasi ukifikisha pointi 6 DVLA, wale wanaotoa leseni huku, wanafuta leseni, unarudi kwenye ile ya kujifunzia, nadharia upya, barabarani upya. Na wanaangalia tarehe ya kosa, kwa hiyo kuchelewesha makaratasi mpaka miaka miwili ipite hakukusaidii.

Lakini 69 kwenye 60, polisi wengi wanampa mtu nafasi ya kwenda kosi ya mwendo badala ya pointi, kwenye limiti ya 60 kawaida ni kuanzia 68 mpaka 75. Wewe uko mlemle. Kosi unalipia mwenyewe, unakaa masaa kadhaa, siku hizi wengi wanafanya mtandaoni, ukimaliza hakuna pointi. Sharti usiwe umeifanya ndani ya miaka 3. Uamuzi ni wao, siyo haki yako, ndiyo maana ukijibu jibu mapema na kwa ukweli. Usianze kubishana kwamba motawei ni 70, maana hapo wanakupeleka mahakamani na ofa ya kosi inaondoka.

mtu_wa_muheza

Mungu akubariki mzee. Sikuwahi kufanya kosi. Leo nikitoka kazini najaza, napiga picha, naituma kwa njia ya kusainiwa.

kibaha_to_kent

Naomba niulize kitu ambacho hakuna aliyeuliza. Hiyo mizigo ya watu, ulikuwa unalipwa?

mtu_wa_muheza

Walichanga mafuta tu, kila nyumba paundi 20. Kwa nini mkuu?

kibaha_to_kent

Ndugu yangu hapo ndipo pananitisha kuliko pointi zako zote. Bima yako bila shaka ni ile ya matembezi na kwenda kazini. Ukibeba mizigo ya watu kwa malipo, hata ukiita mafuta, kampuni ya bima inaweza kusema hiyo ni biashara ya usafirishaji na haimo kwenye mkataba. Kuendesha bila bima ni paundi 300 na pointi 6 kwa mkupuo, hakuna kosi. Kwako maana yake leseni imekwenda siku hiyohiyo. Na friji la mtu likianguka likavunja kioo cha aliye nyuma, nani analipa?

Mimi nimefanya hii kazi ya kukusanya mizigo miaka sita, pesa za kwanza nilizopata nilinunua bima ya kubeba mizigo kwa malipo pamoja na bima ya mizigo yenyewe. Ni ghali, iliniuma, ila nalala. Usifunge tena hilo tela kwa mizigo ya watu kabla hujapiga simu kwenye kampuni yako. Waambie wazi, nataka kuvuta tela, nataka kubeba hiki, nalipwa hiki. Hata kwa vitu vyako mwenyewe waulize, maana wengi wanakukava kwa yule mtu wa tatu tu, tela lenyewe likiibwa ni lako.

Dada Zuhura

Hapo kaka umesema. Na sisi tunaotuma mizigo tuwe tunauliza, tunampa kijana ishirini yake tukidhani tumemsaidia.

Mzee wa Spana

Na leseni ya kuvuta unayo, usiwe na wasiwasi. Zamani waliopasi kuanzia 1997 walitakiwa mtihani mwingine kwa tela zito, wakaufuta tarehe 16 Desemba 2021, sasa leseni ya gari dogo inavuta tela mpaka kilo 3,500. Ila hiyo ni leseni, gari lako ni habari nyingine. Gari gani?

mtu_wa_muheza

Zafira. Tela halina breki, ni la tairi mbili.

Mzee wa Spana

Fungua mlango au boneti utaona kibati kina mistari ya uzito. Mstari wa kwanza ni gari likiwa limejaa, wa pili ni gari na tela pamoja. Toa wa kwanza kwenye wa pili. Kama mstari wa pili haupo au ni sifuri, hilo gari halivuti kitu. Tela lisilo na breki halitakiwi kuzidi kilo 750 pamoja na mzigo, wala nusu ya uzito wa gari lako, ile iliyo ndogo ndiyo unafuata. Na hizo 750 ni pamoja na chuma cha tela chenyewe, sasa pipa lililojaa mchele na sabuni mnalijua wenyewe, mapipa manne umemaliza.

Tela lisilo na breki lazima liwe na mnyororo au waya wa akiba unaolifunga kwenye gari, kichwa cha tela kikichomoka pale kwenye bolu (kile chuma cha duara nyuma ya gari) liburuzwe lisikimbie. Msilichukulie kimzaha hili. Bristol mwaka 2014 tela la tani mbili lilichomoka kwenye gari likapanda njia ya waenda kwa miguu likamuua mtoto wa miaka 3 akiwa anatembea na mama yake. Mimi kabla sijaondoka nikishafunga, naizungusha jeki ya mbele ya tela iinue kidogo, nione kama nyuma ya gari inapanda na tela. Ikipanda, kimeshika. Isipopanda, kichwa kimekaa juu ya bolu tu, kitatoka kwenye tuta la kwanza.

Namba lazima iwe ya njano, ile halisi ya kutengenezwa dukani, unaenda na kadi ya gari na kitambulisho, ifanane na gari linalovuta, na iwe na taa usiku. Nyuma reflekta mbili nyekundu za pembetatu. Tela likiwa pana kuliko gari unaongeza vioo vya pembeni. Mzigo ukae sawasawa, mzito juu ya ekseli na kidogo mbele, ukiweka friji nyuma kabisa tela linaanza kuyumba kama mkia wa samaki na ukishika breki ghafla hapo ndo linakulaza.

ngosha_wa_dar

Huku nyumbani tela linasajiliwa lenyewe, lina kadi yake na namba yake na bima yake, siyo kubandika namba ya gari. Kwa hiyo jamaa mkilituma kwenye kontena mjue hilo. Faini elfu 30 kwa kosa, na trafiki wetu wakikuta taa ya breki ya tela imekufa, hiyo ni notifikesheni ya moja kwa moja. Deni linakusubiri kwenye mfumo.

mtu_wa_muheza

Wadau nimerudi, wiki mbili zimepita. Nilijibu ile barua siku ileile. Jana imekuja ofa ya kosi! Nimeshalipia, naifanya Alhamisi. Zile mia mbili nimelipa, pointi 3 zimekaa, naomba Mungu miezi minane iishe salama. Bima nimepiga, wamesema vitu vyangu sawa, vya watu kwa malipo hapana, kwa hiyo nimewarudishia wale ishirini ishirini walizotanguliza kwa safari ya mwezi ujao nimewaelekeza kwa mwenye bima yake.

Jumamosi nahamisha vitu vyangu mwenyewe, kitanda na kochi, maili 12. Namba ya njano nimeshachonga, mnyororo nimeweka, mikanda ya kukaza ninayo minne. Taa nimejaribu na mke wangu akisimama nyuma: breki, indiketa kushoto, kulia, ya namba. Zote zinawaka. Kuna kingine nimesahau?

Mzee wa Spana

Safi sana. Tairi za tela. Usiangalie kashata tu, tela linakaa nje miaka bila kutembea, tairi inaonekana mpya kumbe imekauka. Pembeni ya tairi kuna kiduara kirefu kina tarakimu nne, nisomee.

mtu_wa_muheza

Moja inasema 2309 nyingine 1811. Pembeni kuna mipasuko midogo midogo, kidole kinaisikia.

Mzee wa Spana

Hiyo ya kwanza ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Toa zote mbili kabla ya Jumamosi.