Kitenzi cha Kijerumani "wissen" (kujua): mbona "er weiß" haina -t?

Mwanafunzi_K: Wadau, naombeni msaada. Kijerumani kinasema er macht (yeye anafanya), er kommt (anakuja), er lernt (anajifunza). Nikifika kwenye wissen nakuta ich weiß (mimi najua), du weißt (wewe unajua), er weiß (yeye anajua). Ile -t ya nafsi ya tatu imeenda wapi?

Mzee wa Sarufi: Haikuwahi kuwepo, ndugu yangu. Weiß kwa asili ni umbo la wakati timilifu, "nimeona", na umbo hilo halikuchukua -t. Mzizi wake wa kale ulimaanisha kuona, ndio huohuo wa videre ya Kilatini. Aliyekwisha kuona, anajua. Fikiria "amelala": -me- ipo, lakini tunataja hali ya sasa hivi. Timilifu ilipogeuka kuwa wakati uliopo, ukaundwa wakati uliopita mpya, wusste (alijua), pamoja na gewusst, umbo la kutumika na kitenzi kisaidizi. Nakipenda mno kitenzi hiki!

Bi Lugha: Wingi: wir wissen (sisi), ihr wisst (ninyi), sie wissen (wao). Vitabu vya kabla ya marekebisho ya tahajia ya 1996 huandika wußte, usishtuke.

Mwanafunzi_K: Kumbe ndiyo maana er kann (anaweza), er muss (analazimika), er darf (anaruhusiwa) nazo hazina -t?

Mzee wa Sarufi: Hasa! Na soll (anapaswa) na mag (anapenda) pia. Will (anataka) ndiyo imepita njia nyingine: ilianza kama umbo la kueleza tamanio.