Kizibo, lebo, boksi lenye mafuta: tutenge vipi ili mzigo usiishie jalalani?

Pipa_la_Tatu:
Wakuu, habari za leo. Naomba msaada wa wenye uzoefu na urejelezaji. Nyumbani tunatenga plastiki, karatasi, makopo na vioo, lakini kila mtu ana kanuni yake. Kizibo cha chupa kitolewe au kibaki? Lebo ibanduliwe? Chupa ioshwe kwa sabuni, au kusuuza kunatosha? Boksi lililolowa mafuta ya chakula ni karatasi bado, au ni taka? Zaidi ya yote, gari likishabeba, vitu hivi vinapita wapi mpaka viwe malighafi? Nataka sababu, maana orodha ya "weka hiki, usiweke kile" husahaulika upesi.

Robota:
Mkuu, nianze na plastiki. Kwenye kituo cha uchambuzi mzigo unamwagwa sakafuni, unapandishwa kwenye mkanda, kisha kila hatua inatoa kitu kimoja. Kuna watu wanaochambua kwa mikono, kuna sumaku ya kuvuta chuma, na kuna mashine inayosoma aina ya plastiki kwa mwanga wa infraredi, halafu inapuliza hewa kurusha chupa upande wake. Kila aina inabanwa kuwa robota na kupelekwa kiwandani.

Kule kiwandani ndiko swali lako la kizibo linapata jibu. Chupa inasagwa kuwa chenga ndogo za kama milimita 10, kisha chenga zinaingia kwenye tangi la maji. Plastiki ya chupa za maji na soda (PET, namba 1 kwenye alama ya pembetatu iliyopigwa kwenye chupa) ni nzito kuliko maji, uzito wake ni kama gramu 1.38 kwa sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo inazama. Kizibo ni polithini au polipropilini, nyepesi kuliko maji, kinaelea na kukombwa juu. Basi kizibo kirudishe kwenye chupa tupu, ukikaze. Kikiwa peke yake ni kidogo mno, kinapenya kwenye matundu ya chujio la kituo na kuishia kwenye mabaki. Chupa minya itoke hewa ndipo ufunge, itachukua nafasi ndogo.

Lebo ya kawaida iache, gundi yake inatoka kwenye maji ya moto yenye soda kali, ile ya kutengenezea sabuni. Lakini kama lebo ni gamba linalofunika chupa nzima, lichane kwa kisu ulitoe, kwa sababu mashine itasoma gamba na si chupa.

Hatari kubwa ya PET ni PVC, namba 3, plastiki ile ya mabomba ya maji. Nayo inazama, kwa hiyo maji hayawezi kuitenga. PET huyeyushwa kwenye nyuzi 260 hivi, na kwa joto hilo PVC inaungua na kutoa gesi yenye asidi. Asidi hiyo inakatakata PET iliyo jirani, inageuka manjano na kupoteza nguvu. Vipande vichache tu vinatosha kuharibu mchanganyiko mzima. Ukikutana na chupa angavu isiyo na namba, igeuze uangalie kitako. PET ina kidoti katikati, pale plastiki ilipoingizwa kwenye kalibu. PVC ina mstari ulionyooka unaokata kitako, na ukiikunja, mkunjo unabaki mweupe. Hiyo usiiweke pamoja na za maji.

Kuosha: suuza tu, tena kwa maji yaliyokwisha kuoshea vyombo. Kinachotakiwa ni kisibaki kitu cha kumwagikia karatasi iliyo jirani au kuota ukungu. Chupa ya mafuta ya kupikia isimamishe kichwa chini ichuruzike, halafu itikise na tone la sabuni.

Uji_wa_Karatasi:
Hapa kwenye boksi. Karatasi haiyeyushwi, inavurugwa na maji ndani ya pipa kubwa mpaka iwe uji wa nyuzi. Uji unachujwa, unatandazwa kwenye wavu, maji yanatoka, nyuzi zinashikana zenyewe. Mafuta yakikaa kwenye nyuzi, zinashindwa kushikana pale, na karatasi mpya inatoka na madoa au matundu. Maji ya baridi hayatoi mafuta, jaribu kwenye shati uone. Kwa hiyo chana boksi: kifuniko kikavu ni karatasi, kitako chenye mafuta kiende kwenye mboji.

Karatasi iliyokatwa vipande vyembamba na mashine ya ofisini inapukutika kwenye chujio kabla haijafika popote, ifunge ndani ya bahasha ya karatasi. Vikombe vya karatasi vina utando wa plastiki ndani ambao vinu vingi havina muda wa kuubandua, viweke kando mpaka uhakikishe vinapokelewa. Risiti zile za karatasi laini zina kemikali ya kuandikia kwa joto, ziende kwenye taka za kawaida.

Pipa_la_Tatu:
Nashukuru sana wakuu. Na mifuko ya nailoni? Pia vioo na makopo.

Kopo:
Kwanza nimrekebishe ndugu Robota kidogo. Kuminya chupa ni sawa kama plastiki inabebwa peke yake. Kama kila kitu kinachanganywa kwenye pipa moja, usiiminye hadi iwe bapa, wala usikanyage makopo. Mashine hutenga karatasi kwa sababu ni bapa, na chupa kwa sababu inabingirika. Chupa iliyobapa inafuata karatasi.

Mifuko ya nailoni inajiviringisha kwenye shafti za mashine ya kuchuja mpaka zinakwama, kazi inasimama na watu wanaingia na visu kuikata. Kusanya peke yake, kavu. Na usifunge chupa ndani ya mfuko mweusi, mfuko uliofungwa mara nyingi unatupwa mzima.

Kopo la chuma linavutwa na sumaku. Alumini haivutwi, inapitishwa juu ya sumaku zinazozunguka kwa kasi, umeme unazalika ndani yake na kopo linaruka kutoka kwenye mkanda. Karatasi ya alumini kusanya mpaka ipate donge la ukubwa wa ngumi, vipande vidogo vinapotea. Inastahili, kwani kuyeyusha alumini ya zamani huokoa asilimia 95 hivi ya nishati ya kuitengeneza kutoka kwenye madini.

Vioo: chupa na mitungi tu. Kikombe cha udongo au bakuli la kioo la kuingiza kwenye oveni usiweke. Tanuri la chupa lina joto la nyuzi 1,500 hivi, udongo hauyeyuki humo. Unabaki kama kijiwe ndani ya chupa mpya, na chupa inapasukia pale pale.

Betri, hasa za simu, zisiingie kwenye pipa lolote kati ya haya. Gari linapobana mzigo betri inatoboka, inawaka, na karatasi kavu iko pembeni. Bandika utepe kwenye ncha zake na uzipeleke mahali zinapopokelewa.