Mnara wa Wajerumani Lugalo: uondolewe, au ujengewe jirani?

Mleta mada
Wanajamvi, salaam. Lugalo, mashariki ya mji wa Iringa, kando ya barabara kuu ya kwenda Morogoro, kuna mnara uliojengwa na Wajerumani kumkumbuka kamanda wao Emil von Zelewski. Aliuawa hapo tarehe 17 Agosti 1891 pamoja na Wazungu wenzake 9, jeshi la Wahehe lilipoushinda msafara wake wenye mizinga na bombomu (bunduki za rashasha). Leo msafiri akisimama, heshima anayokutana nayo kwanza ni ya mvamizi. Nasema uondolewe. Nani anapinga, na kwa hoja gani?

Mwalimu wa Historia
Napinga, ndugu yangu. Dar es Salaam kulikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, tangu 1909. Waingereza waliiondoa, ikapelekwa Hamburg na kusimamishwa tena mwaka 1922, hadi wanafunzi walipoiangusha mwaka 1968. Mahali iliposimama pakawekwa sanamu ya Askari mwaka 1927. Ni wangapi wanaopita pale na kujua alisimama nani kabla? Kitu kikiondoka, swali nalo huondoka.

Mnara wa Lugalo ni ushahidi kwamba Wajerumani walipigwa, tena ushahidi walioujenga kwa mkono wao wenyewe. Kinachokosekana ni kibao chenye maelezo ya upande wa pili, na hapo ndipo makosa huanza. Wengi huandika kwamba Mkwawa mwenyewe aliongoza vita ile uwanjani, ilhali aliyeongoza ni ndugu yake, Mpangile. Wengine huchanganya Lugalo na kuanguka kwa ngome ya Mkwawa ya Kalenga, tarehe 30 Oktoba 1894. Huyo Mpangile baadaye Wajerumani walimweka kuwa mtawala wa Wahehe, kisha wakamuua mwaka 1897. Jina lake lisipoandikwa, kibao kitakuwa nusu.

Mleta mada
Mwalimu, ushahidi unaweza kutunzwa makumbusho ya Kalenga, kilipo kichwa cha Mkwawa tangu kiliporudishwa 1954. Si lazima usimame barabarani.

Mwalimu wa Historia
Mnara ukitoka Lugalo unapoteza mahali penyewe. Jiwe la vita likihamishwa linakuwa jiwe tu.

Fundi Mwashi
Hata mkikubaliana kuhamisha, angalieni kwanza jengo lenyewe. Kazi ya zamani ya chokaa haibebwi nzima, hupasuka kwenye viungo. Na mkiuacha, msiukarabati kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko chokaa, hufungia maji ndani, na baada ya masika chache kingo za mawe huanza kubanduka. Tumieni chokaa 1 kwa mchanga 3, mloweshe kiungo kwanza, mfunike na gunia bichi siku kadhaa. Msipake chokaa nyeupe juu ya maandishi. Kila sherehe tabaka jipya, mwishowe herufi hazisomeki, na atakayekuja kuzifufua kwa brashi ya waya atazimaliza.

Kuhusu kibao kipya: vibao vya shaba hung'olewa kwa ajili ya vyuma chakavu. Stika ya plastiki juu ya bati hupauka kwa jua, nyekundu ikiwa ya kwanza kupotea. Nguzo za mbao huliwa na mchwa, na moto wa nyasi wa kiangazi humalizia. Wekeni ubao wa matale (graniti) wa unene wa sentimita 4 au 5, herufi zichongwe ndani, ubao ulalie mteremko ili maji yasituame. Chini, msingi wa zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), kina cha sentimita 60, umwagiliwe maji siku 7 kabla ya kubebeshwa mzigo.

Mtu wa Barabara
Mnasahau gari. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, dereva anapita mita 22 kila sekunde. Hawezi kusoma aya. Kinachotakiwa barabarani ni kibao cha kahawia chenye maneno mawili matatu na mshale, mapema kabla ya njia ya kuingilia, kisha eneo la kuegesha basi. Bila maegesho watu watasimama ukingoni, na malori ya Zambia hayapungui pale. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Mkijenga ndani yake bila kibali, upanuzi ukija mnavunjiwa bila fidia. Tena Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Mnara huu ni wa baadaye, unahitaji tamko la waziri. Hilo ndilo lianze.

Mama Kalenga
Wanangu, mnabishana Mjerumani na Mhehe, na wengine je? Waliokufa wengi upande wa Zelewski hawakuwa Wazungu. Walikuwa askari wa Kiafrika, Wasudani wakiwemo, na wapagazi waliobebeshwa mizigo. Nao Wahehe waliokufa hawana orodha. Majina yakusanywe kijiji kwa kijiji: jina, ukoo, na nani kasimulia. Jina lisiingie kwenye jiwe kwa kauli ya mtu mmoja, maana likichongwa halifutiki. Wazee wasomewe maandishi kwa sauti kabla fundi hajashika patasi, kwa Kiswahili na kwa Kihehe.

Mleta mada
Mama, hapo nimekuelewa. Narudi nyuma: mnara ubaki, kibao kipya kitangulie mbele yake. Napendekeza maneno haya:

“Hapa Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, jeshi la Wahehe likiongozwa na Mpangile, ndugu yake Mkwawa, liliushinda msafara wa Emil von Zelewski. Walikufa Wahehe, Wajerumani 10, na askari na wapagazi wa Kiafrika zaidi ya 200. Mnara ulio nyuma yako Wajerumani waliwajengea watu wao.”

Mwalimu wa Historia
Andika “msafara wa kijeshi”. Neno msafara peke yake litasomeka kama wafanyabiashara walioviziwa.

Mama Kalenga
Na chini yake acheni nafasi tupu ya kutosha majina.