Triga mbili zinaitana mpaka kosa 217: mzunguko nivunje wapi?

kihamba_data (Moshi)
Wakuu, habari za leo. Kanzidata ni SQL Server, inatunza mapokezi ya kahawa ya maganda ya chama cha msingi hapa Moshi. Jedwali la mapokezi lina mkulima_id, kilo na kundi. Triga yake (kipande cha amri kinachoamka chenyewe jedwali likiguswa; hii ni AFTER INSERT, UPDATE) inajumlisha kilo na kuandika jumla_kilo kwenye jedwali la wakulima. Jedwali la wakulima nalo lina triga: jumla ikibadilika, inarudi kwenye mapokezi kuandika kundi linalotokana na jumla hiyo, ambalo huchapwa kwenye stakabadhi. Karani akiingiza mzigo mmoja tu linatoka kosa 217, ukomo wa ngazi 32, na mzigo wenyewe hauingii. RECURSIVE_TRIGGERS iko OFF. Kwa nini bado zinazunguka? Nizime 'nested triggers' (ruhusa ya triga kuamsha triga nyingine) kwa sp_configure, amri ya mipangilio ya seva?

mlinzi_wa_miamala (Arusha)
Usizime, mkuu. Mpangilio huo ni wa seva nzima, kwa hiyo kila kanzidata iliyomo humo inaguswa, na unaanza kazi papo hapo ukishaandika RECONFIGURE. Kama kuna triga ya kumbukumbu inayoamshwa na triga nyingine, itanyamaza bila kosa lolote kuonekana. Utagundua siku mkaguzi anapouliza nani alibadilisha kilo.

RECURSIVE_TRIGGERS ikiwa OFF inazuia triga kujiamsha yenyewe moja kwa moja, basi. Zako zinapitia jedwali la pili, na mzunguko wa namna hiyo hauuoni. Zikivuka ngazi ya 32 muamala wote (amri zote zilizofungwa pamoja) unarudishwa nyuma, ndiyo maana mzigo hauingii.

Sasa sehemu inayowachanganya wengi: kuweka WHERE kwenye UPDATE hakutoshi. Triga ya SQL Server huamka hata kama hakuna mstari hata mmoja uliobadilika, kwa hiyo zitaendelea kuitana zikiwa mikono mitupu hadi 32. Mlango ufungwe mwanzoni mwa triga. Kwenye mapokezi anza hivi (inserted ni jedwali la muda lenye mistari mipya, deleted lenye ya zamani):

IF NOT EXISTS (SELECT 1 FROM inserted) RETURN;
IF NOT UPDATE(kilo) AND NOT UPDATE(mkulima_id) RETURN;

Triga ya wakulima inapoandika kundi, haigusi kilo wala mkulima_id, kwa hiyo mapokezi yanaamka, yanaona hayahusiki, yanatoka. Mzunguko umekatika ngazi ya tatu.

Kwenye wakulima usitegemee UPDATE(jumla_kilo) peke yake. Inajibu ndiyo kila safu hiyo inapotajwa kwenye SET, hata thamani ikibaki ileile. Unganisha inserted na deleted kwa ufunguo, kisha chuja kwa EXISTS (SELECT i.jumla_kilo EXCEPT SELECT d.jumla_kilo). Alama ya <> haifai hapa kwa sababu ya NULL (thamani isiyojazwa): mkulima mpya ambaye jumla yake bado ni NULL atarukwa.

meru_pg (Arusha)
Naongeza mawili kwa aliyetangulia. Kwanza, mkulima_id ikisahihishwa, wakulima wawili wanahesabiwa upya, wa zamani na mpya. Chukua namba zao kwa inserted UNION deleted. Pili, triga yako haina DELETE, kwa hiyo mzigo ukifutwa jumla inabaki juu. Ukiiongeza, ile IF ya kwanza itakuangusha, maana kwenye DELETE inserted huwa tupu. Toka pale inserted na deleted zote zikiwa tupu, na ukaguzi wa UPDATE(kilo) uufanye pale tu inserted ina mistari.

Hakikisha pia hujaandika SELECT @id = mkulima_id FROM inserted. Triga ya SQL Server huamka mara moja kwa amri nzima. Karani akipakia mizigo 400 kutoka Excel kwa INSERT moja, jumla ya mkulima mmoja tu ndiyo itabadilika.

Kwa wanaotumia PostgreSQL: hakuna ukomo wa 32, mzunguko unaendelea hadi "stack depth limit exceeded". Kule kinga safi ni WHEN (OLD.kilo IS DISTINCT FROM NEW.kilo) kwenye triga yenyewe, ya UPDATE. Kama unataka kubadilisha safu ya mstari uleule, tumia BEFORE na uandike NEW.kundi, usitume UPDATE nyingine. MySQL inakukatalia mapema kwa kosa 1442 ukijaribu kurudi kwenye jedwali lililoamsha triga.

kihamba_data (Moshi)
Asanteni sana. Je, IF TRIGGER_NESTLEVEL() > 1 RETURN si ingekuwa fupi zaidi?

mlinzi_wa_miamala (Arusha)
Fupi, ndiyo, lakini ni hatari. Bila kitu kwenye mabano inahesabu triga zote zilizoamshwa na amri ile. Siku mapokezi yakiandikwa na triga ya jedwali jingine, mathalani mizani, triga yako itaanza ikiwa ngazi ya 2 na itatoka bila kujumlisha. Ukilazimika, taja triga yenyewe: TRIGGER_NESTLEVEL(OBJECT_ID('trg_mapokezi')).

Ningekuwa mimi, triga ya wakulima ningeiondoa kabisa. Kundi linatokana na jumla, kwa nini lihifadhiwe kwenye kila mzigo? Mwonekano (VIEW, hoja iliyohifadhiwa) wenye SUM(kilo) na CASE, pamoja na faharasa (index) kwenye mkulima_id, unatosha kuchapa stakabadhi. Lihifadhi tu kama stakabadhi inapaswa kuonyesha kundi la siku ile ya mapokezi.

Kabla ya kugusa chochote, soma sys.triggers: parent_id, name, is_disabled, is_instead_of_trigger. Kisha jaribu ndani ya BEGIN TRAN na ROLLBACK, ili kila kitu kirudi kilivyokuwa, ukiweka PRINT TRIGGER_NESTLEVEL() juu ya kila triga. Jaribu mzigo mmoja, mizigo 3 ya wakulima tofauti kwa INSERT moja, na UPDATE yenye WHERE 1 = 0. Hiyo ya mwisho ndiyo itakayokuonyesha kama mlango umefungwa.