Mrejesho: echeveria yangu imerudi rangi

Assalaam alaykum jamaa. Niko Ng'ambo, Unguja, na niliuliza humu ukumbini kwa nini echeveria yangu nyekundu (ule mmea wa majani manene yanayoweka maji) imegeuka kijani na kurefuka shingo, yaani shina. Mliosema imekosa jua, mmepatia. Niliitoa barazani kwenye jua la asubuhi, kidogo kidogo isibabuke. Sasa ncha za majani zimeiva wekundu, na majani mapya yana ule unga mweupe (msiuguse, ukipanguswa haurudi). Shingo haikufupika, hilo lisahauni. Nilikata kichwa, yaani fungu la majani la juu, nikakiacha kivulini mpaka kidonda kikakauka, ndiyo nikakipanda kwenye chungu chenye kokoto na tundu chini. Mchanga wa pwani sikuutia, una chumvi. Maji naipa udongo ukikauka kabisa; masika naisogeza upenuni. Aliyenishauri mbolea ya kuku, ahsante, lakini hapana.